Ndege wa Kumi na Saba

Mume wangu huanza kuhesabu kwa sifuri. Naanza na hili kwa sababu usipolijua hutamwelewa, na hata ukilijua usijipe matumaini makubwa. Jikoni kwetu kuna kabati la sifuri, kabati la kwanza na kabati la pili. Akiulizwa ana watoto wangapi hujibu wawili, kisha humtambulisha mkubwa kuwa ndiye mtoto namba sifuri. Binti yetu huyo ana miaka ishirini sasa, ana kazi yake na heshima zake, na bado hajamsamehe. Kazini wote wanamwita mume wangu Sifuri, na yeye hulipokea jina hilo kama mtu aliyepewa cheo.

Tunafanya kazi karakana moja, ya kutarizi. Sare za shule, mashuka ya hoteli, mapazia, majina kwenye mataulo. Kuna mashine nne ndefu zilizopangwa ukutani, na kubwa kuliko zote tunaiita Bibi, kwa sababu haiishi kulalamika. Bibi ni yangu mimi. Naiwekea uzi, naipaka mafuta, naitukana inapostahili. Lakini kichwa chake ni cha Sifuri.

Namaanisha hivyo hasa. Miaka ishirini na miwili iliyopita, Mzee mwenye karakana alizinunua mashine hizi zikiwa zimechakaa, zimeng'olewa kompyuta zake zote. Kiwiliwili kizima, kichwa hakuna. Akamtafuta kijana wa kuziwekea kompyuta na kuziandikia kiini. Kiini ni ile programu iliyo chini ya programu zote. Haishoni, haichori, ila ndiyo inayogawa kumbukumbu ya kompyuta: wewe kaa hapa, wewe kule, na msikanyagane. Ni kazi ninayoifanya mimi nyumbani, isipokuwa kiini kinasikilizwa.

Kijana aliyekuja alikuwa mwembamba, ana kalamu tatu mfukoni na majivuno ya watu wanne. Mashine hazikuwa na kioo cha kuandikia maneno, basi akaamua kwamba kwa kuwa zinajua kushona, zitasema kwa kushona. Ikipata hitilafu, mashine husogeza sindano pembeni, chini kabisa ya kitambaa, na kutarizi malalamiko yake kwa herufi kubwa nzuri. Kisha husimama kungoja mtu abonyeze kitufe cha kijani, maana yake nimekusikia, endelea. Siku ya kwanza Bibi ilitoboa matundu matupu kwenye shuka jeupe. Nikaliinua dirishani, nikasoma kwa mwanga unaopita: UZI UMEKATIKA.

"Ni mjinga gani," nikauliza kwa sauti, "aliyeifundisha mashine kuandika kwamba haina uzi, kwa uzi ambao haina?"

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Ndivyo tulivyojuana.

Tangu hapo tuna desturi ambayo sidhani ipo karakana nyingine. Kila mashine ina kitambaa chake kikuukuu, tunakiita kitambaa cha malalamiko. Tunakibana pale pembeni kabla ya kuanza, ili maneno ya mashine yaangukie humo na si kwenye mali ya mteja. Cha Bibi kimejaa mpaka hakisomeki. SINDANO YA NNE IMEPINDA. KITAMBAA KIMELEGEA. HUYU NI NANI. Hilo la mwisho hatukulielewa kamwe, na Sifuri amekataa kulieleza.

Sasa nije kwenye kidonda chake. Kumbukumbu ya kompyuta ni visanduku vingi sana, na kila kisanduku kina anwani yake ya namba. Sifuri aliviwekea anwani za tarakimu ishirini na nne, za sifuri na moja tupu. Zinafika visanduku milioni kumi na sita na ushei, basi. Kwa sare za shule inatosha na kubaki. Kwa picha kubwa haitoshi, na kila mteja mwenye picha kubwa tulimrudisha. Ukimuuliza Sifuri kwa nini, jibu lilikuwa moja.

"Mzee alininyima. Nilimwomba chipu za kumbukumbu zaidi, akabana. Ningekuwa nazo ningeandika anwani ndefu. Mtu bahili yule, jamani!"

Aliisimulia hadithi hii kazini, akaisimulia kwenye foleni ya hospitali, akaisimulia siku ya posa ya mdogo wangu mbele ya wakwe ambao hawakuwa wameuliza chochote. Mzee mwenyewe aliisikia mara nyingi, maana hata baada ya kumwachia bintiye karakana alipenda kuja kukaa mlangoni na fimbo yake. Sifuri akianza, Mzee alikuwa akitazama dari. Mimi nilidhani anaona aibu.

Basi mwaka huu ikaja kazi ya pazia. Ukumbi mpya wa maonyesho ulitaka pazia la jukwaa lenye ndege arobaini kwa safu, kila mmoja tofauti na mwenzake, bata mpaka bundi. Binti wa Mzee, ambaye sote tunamwita Bosi, aliipokea kazi hiyo kwa mikono miwili kabla ya kumuuliza mtu. Tukaiingiza picha ndani ya Bibi, nikabana kitambaa cha majaribio, nikabonyeza.

Ndege wa kwanza alitakiwa kuwa bata. Alitoka na mwili wa bata, miguu ya bata, halafu shingo ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda, ikavuka mpaka wa picha, na juu kabisa kikakaa kichwa cha mbuni kinachotushangaa.

Bosi alikiinamia kile kiumbe. "Hiki ni nini?"

"Ni namba zimeisha," alisema Sifuri. "Kila ndege anakula visanduku karibu milioni moja. Ndege kumi na sita wanajaza kila kitu. Wa kumi na saba, mbuni, hana anwani. Namba zinarudi mwanzo, kama zile za kilomita kwenye gari la zamani zikifika mwisho. Kwa hiyo mbuni ameingia nyumba ya bata."

"Na bata?"

"Bata amebanwa. Ungemuuliza baba yako, Bosi, yeye ndiye aliyeninyima..."

Sikuwa nimewahi kumwona Bosi amekasirika namna ile. Hakupaza sauti. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chenye bata, akairudisha.

"Fundi, nisikilize vizuri. Nimelisikia hilo la baba yangu tangu ninasoma. Nimechoka. Kuna mwenye vyuma chakavu anazitaka mashine hizi zote nne, na kuna mashine mpya zinakuja na kila kitu chake, hazihitaji mtu wa kiini. Ijumaa saa sita mchana anakuja na gari. Ndege wa kumi na saba akitoka mzima kabla ya hapo, mashine zinabaki na wewe unabaki. Asipotoka, zinaondoka, na wewe pumzika nyumbani na mkeo."

Sifuri akageuka rangi. Na mimi nikageuka rangi, kwa sababu zangu. Mume wangu ana miaka hamsini na mitatu na hajui kitu kingine chochote duniani isipokuwa mashine hizo nne. Nilimhurumia kweli, moyo uliniuma. Lakini pia nilimwona nyumbani kwangu kuanzia Jumamosi, asubuhi mpaka jioni, akivipa vijiko namba. Nikasema moyoni, huyu mbuni atatoka hata kama nitamvuta kwa mikono.

Ilikuwa Jumatatu.

Shida ya kwanza ilikuwa chipu zenyewe. Za aina ile hazitengenezwi tena. Sifuri alizunguka maduka yote ya vifaa, akarudi na vumbi tu. Jumanne asubuhi Bosi akaja na boksi dogo la karatasi, akaliweka juu ya Bibi.

"Nilikuwa natafuta bisibisi kwenye droo ya zamani ya baba. Hizi ni zile?"

Zilikuwa zile. Mpya kabisa, kila moja kwenye kifuko chake, boksi halijawahi kufunguliwa. Juu yake pameandikwa tarehe kwa mwandiko wa Mzee: mwezi uleule ambao Sifuri alianza kazi.

Mtu mwingine angefurahi. Mume wangu alitweta. "Unaona? Unaona? Alikuwa nazo! Miaka yote hii zimekaa kwenye droo! Alinunua, halafu akaninyima!"

"Mtu bahili," nikamwambia, "hanunui kitu ili akifungie kwenye droo. Bahili hanunui kabisa. Hebu fikiri."

"Wewe humjui yule."

Lile boksi lilinikaa kichwani.

Chipu alizipachika ndani ya Bibi siku hiyohiyo. Shida ya pili ilikuwa yake mwenyewe. Kompyuta za mashine zetu, kumbe, zilikuwa na nafasi ya anwani ya tarakimu thelathini na mbili tangu siku ya kwanza. Ishirini na nne ndizo zilizohesabu. Nane za mbele hazikuwa na kazi, zilikatwa tu kabla ya kutumika. Na kijana mwenye kalamu tatu, badala ya kuziacha zikae sifuri kama jina lake, alizigeuza mifuko. Akatia humo alama zake ndogondogo: huyu uzi mwekundu, huyu ashonwe mara mbili, huyu ameshashonwa.

"Ilikuwa akili sana," alinieleza Jumanne jioni, akiwa ameegemea kabati la kwanza. "Nafasi ya bure, nikaitumia."

"Na sasa?"

"Sasa nataka tarakimu zote zihesabu. Lakini zina alama ndani. Nikimwambia Bibi akachukue bata mwekundu, ule wekundu anausoma kama sehemu ya anwani. Anamtafuta bata mahali ambapo hapana kitu, mbali huko."

"Kwa hiyo umekuwa ukiweka vitu vyako kwenye mifuko ya koti la mtu, na mwenye koti sasa anataka kulivaa."

Alifikiri. "Ndiyo, kama hivyo."

"Basi toa vitu vyako."

Kusema ni rahisi. Mifuko ilikuwa imetapakaa kwenye maelfu ya mistari, na hakuwa ameandika popote ameweka nini wapi. Jumatano alijaribu kwa mara ya kwanza. Bibi ilianza bata vizuri, ikafika mdomo, ambao ni wa njano, ikapotea. Ilishona mahali pamoja, mara elfu mbili, mpaka pakavimba kinundu kigumu cha ukubwa wa yai. Kisha ikasogea pembeni na kuandika kwenye kitambaa cha malalamiko: HUYU NI NANI.

"Njano," nikamwambia.

"Njano nimeitoa."

"Basi kamuulize Bibi huyo ni nani."

Akaenda kutazama. Njano ilikuwa na mfuko wa pili. Ikawa hivyo kutwa nzima: yeye anatoa, Bibi inavimbisha, mimi namkumbusha. Nilijua zaidi yake, kwa sababu kila rangi aliyoichezea ilinitesa mimi kwenye sindano. Jumatano hiyo tulikula chakula cha jioni yeye akiwa na kalamu badala ya kijiko.

"Nimemaliza zote," alisema. "Rangi kumi na moja."

"Zambarau je?"

"Zambarau haina alama."

"Inayo. Mwaka ule wa sare za wauguzi ilikuwa inakatika, ukaiongezea kitu ili ishonwe polepole. Ulikuja nyumbani ukaimba."

Alinitazama kwa mapenzi ambayo sijayaona tangu harusi, akainuka bila kunawa mikono.

Alhamisi mchana zambarau ikawa shwari. Tukamfunga Bibi pazia lenyewe, kitambaa kizito cha rangi ya divai, na ndege wa kwanza akaanza. Bata alitoka bata. Nilikaribia kulia. Mpaka tunafunga karakana walikuwa wameshatoka ndege saba, na Ijumaa tulifungua mapema kuwaendeleza.

Kufikia saa tano walikuwa kumi na watano, na habari ilikuwa imeenea. Wenzangu watatu waliacha mashine zao wakaja kusimama karibu. Bosi akaja. Mzee akaja pia, akavuta kiti chake kutoka mlangoni mpaka miguuni pa Bibi, akaweka fimbo mapajani. Sifuri alimwamkia kwa ubaridi wake wa kawaida.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Naona umepata nafasi."

"Nimeipata mwenyewe," alisema Sifuri, na akatutazama sote kuhakikisha tumesikia. Kisha akafanya jambo ambalo nitamkumbusha mpaka uzeeni. Aliinama, akakibandua kitambaa cha malalamiko, akakikunja na kukitupa kwenye kapu. "Leo kipumzike. Leo hana la kulalamikia."

"Kirudishe," nikamwambia.

"Mama watoto, nimezitoa alama zote. Wewe mwenyewe umezihesabu."

"Kirudishe, nasema!"

"Kinaharibu sura mbele ya wageni."

Nikaona nikimbishia zaidi nitamwaibisha mbele ya Bosi siku yake kubwa. Nikaacha. Kosa langu ni hilo moja tu katika habari hii yote, na nalikiri.

Ndege wa kumi na sita alikuwa kanga, mwenye madoadoa yote yale. Alimalizika saa tano na dakika ishirini na tano. Sindano zikainuka. Pazia likajivuta mbele kidogo kumpisha mbuni.

Kisha sindano zikasogea pembeni, chini kabisa.

"Hapana," alisema Sifuri.

Bibi ilianza kuandika kwenye pazia la ukumbi, kwa uzi wa dhahabu, kwa sababu uzi wa dhahabu ndio tuliokuwa tumeuweka kwa madoadoa ya kanga. HAPA, iliandika. Sote tukainama. HAPAFIKIKI.

"Hapa hapafikiki," nilisoma kwa sauti. "Hapafikiki wapi?"

Mume wangu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Yeye alishaelewa. Alinieleza baadaye: fundi wa viini akiandika programu huweka mlinzi hata kwenye mlango ambao anajua haupo. Siku zile aliandika kwamba anwani ya kuanzia picha ikizidi milioni kumi na sita, mashine iseme. Na kwa kuwa tarakimu za mbele zilikatwa kila mara, anwani haikuweza kuzidi, hata kwa bahati mbaya. Maneno yale hayangesomwa na mtu. Kwa hiyo aliandika chochote kilichomjia. Mifuko yote aliipekua, mlinzi akamsahau.

MZEE, iliandika Bibi.

Mzee akasogeza kiti.

Sifuri aliruka kutafuta swichi, lakini Bosi alikuwa amesimama mbele yake na hakusogea. Herufi zilitoka moja moja, kubwa, za kuringa. ALITAKA. KUNUNUA. KUMBUKUMBU. ZAIDI. Nilikuwa nasoma kila neno linapokamilika na sauti yangu ilizidi kushuka. NIKAKATAA.

Tak-tak-tak ya sindano tu.

HIZI ZATOSHA MPAKA MWISHO WA DUNIA. UKIFIKA HAPA WEWE NI MJINGA.

Bibi ikaweka nukta safi, ikainua sindano, ikawasha taa ya kitufe cha kijani, ikangoja.

Nilimtazama mume wangu. Ninamjua akidanganya, hukuna sikio. Hakukuna. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma barua iliyoandikwa na mtu mwingine, halafu anaufikia mwandiko wake mwenyewe. Alikuwa amesahau kweli. Aliisimulia ile hadithi yake mara nyingi sana hata ikakaa mahali pa ile ya kweli, kama yule mbuni kwenye nyumba ya bata. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikujua nianze na lipi.

Hapo ndipo mwenye vyuma chakavu alipoingia, kabla ya saa yake, ana glavu na kamba begani. Akaona watu wameinamia kitu, naye akainama. Alisoma polepole, kwa sauti, mpaka mwisho.

"Mjinga ni nani?" akauliza.

Tulitazama viatu. Mume wangu akanyoosha mkono juu, kama mtoto darasani.

"Ni mimi," alisema.

Mwenye vyuma akaitikia kwa kichwa, akakaa juu ya kapu la vitambaa kungoja.

Sifuri akamgeukia Mzee. "Mzee. Kwa nini hukusema? Miaka ishirini na miwili nimekutangaza kila mahali."

"Mpaka msikitini nimeyasikia," alisema Mzee. "Mpaka kwa kinyozi."

"Sasa kwa nini?"

"Ningesema ungefanya nini? Ulikuwa kijana wa majivuno, hujui kukosea. Ungeumbuka, na siku hiyohiyo ungeacha kazi. Mimi nilikuwa na mashine nne na wewe peke yako unayeweza kuzisemesha. Chipu nilikuwa nimeshanunua. Ulipozikataa nikaziweka kwenye droo, nikasema siku atakapokua atazihitaji. Umechelewa kidogo kukua. Halafu niligundua unafanya kazi vizuri zaidi ukiwa umenikasirikia."

Bosi alikuwa akilia na kucheka. Mimi pia, na wala sikujificha.

"Nisamehe, Mzee," alisema Sifuri. "Nimekukosea sana."

"Nilishakusamehe zamani, la sivyo nisingekuja kuusikia upuuzi wako kila siku. Bonyeza kitufe, baba. Saa inakwenda."

Ikawa kweli saa inakwenda. Kwa sababu ya maneno yale sote tulikuwa tumemsahau mbuni. Ilikuwa imebaki nusu saa kasoro kidogo, na ndege mmoja huchukua dakika ishirini. Sifuri alifika pale kwenye kitufe. Maana yake ni nimekusikia, endelea. Alibonyeza.

Bibi ilirudi juu. Mguu ukatoka. Mguu wa pili. Mwili mkubwa wa manyoya meusi, mabawa yasiyofaa kitu. Kisha shingo ikaanza kupanda, na sisi tukapanda nayo, kila mtu amenyoosha shingo yake. Juu kabisa kikakaa kichwa cha mbuni, kwenye mwili wa mbuni, nyumbani kwake. Bata upande wa pili wa pazia alikuwa mzima, hana habari. Saa sita kasoro dakika saba.

Wenzangu walipiga vigelegele mpaka mwenye vyuma naye akapiga makofi, asijue anashangilia nini. Bosi alimshika mkono akamwomba radhi kwa kumsumbua, kwamba leo hakuna vyuma. Kisha akarudi kulitazama pazia na uso ukamshuka.

"Na haya maandishi? Tuyafumue?"

"Usiguse," nikasema. "Yameangukia kwenye upindo. Nikipinda yatafunikwa."

Nikayapinda. Nilishona upindo ule kwa mkono, mshono wa kufichika, na ile dhahabu yote ikaingia ndani isionekane na mtu. Isipokuwa neno la mwisho kule pembeni, ambalo niliacha herufi mbili zichungulie upande wa nyuma. Mke naye ana haki zake.

Sifuri alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, amechoka kama aliyebeba mashine zote nne mgongoni. Mzee alijiinua kwa fimbo yake kwenda zake. Alipofika karibu naye akasimama.

"Hizi anwani mpya," alisema. "Ni nyingi?"

Sifuri akachangamka mara moja. "Mzee! Milioni elfu nne na zaidi! Hizi zinatosha mpaka..."

Akakatiza. Karakana nzima tulikuwa tunamtazama. Bibi nayo ilikuwa imeinua sindano, inabadilisha uzi.

"Zinatosha kwa leo, Mzee," alisema mume wangu.

Mzee alicheka mpaka fimbo ikamponyoka, na Sifuri akainuka kwenda kumwokotea.